Siku ya Kusimama

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, 9 Juni 2024

(Hii sikuituma. Niliiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la Commerce.)

Masenge Capitoline,

Sijui nianze na salamu au nianze na hili. Nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye salamu.

Jana nimesimama mahali pako.

Ilikuwa hivi. Alhamisi nilienda dukani kwa Mama Zuleha kutafuta zipu ya sketi. Akaniita kutoka kaunta, "Wewe mtoto wa Capitoline." Nikamwambia mimi ni mtoto wa kaka yake, wa mzee Didace wa Litapunga. "Ni hao hao," akasema. "Mwambie shangazi yako kusimama ni Jumamosi, saa moja na nusu, kabla sijafungua. Mwaka huu watu wa msimu nachukua wawili tu. Na asipokuja yeye, uje wewe. Si umemaliza shule?"

Nilikimbia mpaka kwenye malori. Ponsian alikuwa anapiga honi, fuso limejaa saruji, anataka kufika kwenu Majimoto giza halijaingia. Nikachana karatasi nikaandikia kwenye goti: "Masenge, salamu. Kwa Mama Zuleha kusimama ejo. Emelyne." Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba utaisoma Ijumaa, na kesho yake ndiyo Jumamosi. Lori lilipokwisha kupita mzunguko ndipo nikakumbuka kwamba kwa Kirundi chetu ejo ni kesho, na ejo hiyo hiyo ni jana. Tarehe sikuweka. Na kulikuwa na neno Jumamosi, lenye maana moja tu, sikuliandika.

Kukosea si dhambi, najua. Lakini Ijumaa nzima nilikuwa na simu na ilikuwa na salio. Kwenye kupiga nakuwa bubu, wewe mwenyewe unasema unasikia pumzi tu, ndiyo maana tunaandikiana barua tangu nikiwa Form One. Ujumbe mfupi kwenye simu ya mama mkwe wako ungetosha. Niliuandika, nikaufuta, nikauandika tena. Tangu nipate division four hakuna mtu aliyeniambia "uje wewe." Ilikuwa inanirudia kichwani kama kibwagizo cha kwaya.

Jumamosi tulisimama kumi na wanne kwenye ukuta wa duka. Mama Zuleha akatoka na kikombe chake, akapita mstari mara mbili. "Capitoline yuko wapi?" Nikasema, "Hajafika." Na ni kweli hukufika. Akaninyooshea kidole.

Naandika hii nikiwa kwenye kitanda chako, ndani ya chumba unachokilipia wewe, na kanga yako ya kijani iko mlangoni pale pale ulipoitundika Januari.

*

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa Masenge,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama mkwe wako pamoja na kifua chake. Mimi ni mzima. Baba alipita juzi kwenye mambo ya tumbaku ya chama cha msingi, anakusalimu, anasema mgongo umepona upande mmoja. Chumba chako nakitunza. Panya yule wa darini amehama au amekufa, hatusemezani.

Mjini msimu umeanza. Mchele umeanza kuingia, stendi hakuna pa kukanyaga, na maduka ya soko kuu yanafunguliwa mapema kuliko kanisa. Nilipopita asubuhi nimekumbuka ile Desemba nikiwa darasa la pili, baba alinileta kwa Mama Zuleha kuchukua gauni la Krismasi. Wewe ulikuwa nyuma ya meza ya vitenge, mita ya mbao mkononi, mkasi shingoni kwa kamba. Sikukutambua. Kijijini ulikuwa unatembea ukitazama chini. Pale ulikuwa unawaambia wanaume wazima, "Subiri zamu yako, baba," nao wanasubiri.

Mimi nimepata kibarua kidogo hapa mjini, kwa hiyo sijarudi Litapunga. Nitakueleza siku nyingine.

Mwanao,
Emelyne

*

Majimoto
21 Julai 2024

Mwana wanje Emelyne,

Salamu zako zimefika na vumbi lote la Sitalike, Ponsian aliiweka barua chini ya jeki. Huku tumeamka. Mama mkwe anakohoa asubuhi na kugombana mchana, usiku anapumzika vyote viwili. Mpunga umetoka vizuri. Pikipiki zinapita na magunia matatu matatu, mwendeshaji humuoni, unaona miguu.

Kile kikaratasi chako cha Juni nilikipata siku ya Ijumaa. Asante kwa kunijulisha, ijapokuwa jana haipandiwi basi. Begi nilikuwa nimeshalifunga. Nalifunga tarehe moja Juni kila mwaka, hata kabla sijaitwa, majirani huku wanajua: nikianika begi, mpunga umeiva. Nikalifungua, nikamwambia mama mkwe zipu imeharibika.

Sikupiga simu, na Mama Zuleha hawezi kupiga. Unamjua. Mtu wa msimu haitwi mara mbili. Asiyekuwepo ukutani siku ya kusimama hayupo, hata awe ndugu yake. Mwaka wangu wa tano nilisimama na homa ya malaria, nimeegemea ukuta, nikamsikia anasema, "Huyu anatetemeka lakini yupo."

Jana nilikuwa nachambua mchele, mikono inafanya kazi yake na kichwa kiko mjini. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na miaka ishirini na nne. Halafu ukaja ule mwaka wa vyeti, wewe ulikuwa mdogo. Watu wetu waliokimbia Burundi walipopewa vyeti vya uraia kila mmoja alitaka kupiga picha akiwa na nguo mpya. Mzee mmoja wa Katumba alinunua suti, akaivalia dukani, akatoka nayo jua kali, anatembea katikati ya barabara kama amekabidhiwa. Mwaka ule Mama Zuleha alichukua watu tisa. Tisa, mwanangu, na watu wa mwaka, wale wasiopumzishwa, wanne, tulikuwa tunakanyagana nyuma ya meza, mchana tunakula kwa zamu tumekaa juu ya majora. Miaka iliyofuata tukawa sita. Halafu watano. Mwaka nzi mweupe alipoharibu tumbaku, watatu. Mwaka jana tulikuwa watatu tena.

Unakumbuka tulivyokuwa tunahesabu milango? Ukija likizo tunashuka pamoja toka sokoni hadi dukani, unahesabu watu waliosimama kwenye milango ya maduka. Ulikuwa huongei na mtu, lakini hesabu uliitoa kwa sauti. Nihesabie tena. Nataka kujua mji unaendeleaje bila mimi.

Na uniambie, nani kasimama kwenye vitenge?

Shangazi yako,
Capitoline

*

Makanyagio, Mpanda
15 Septemba 2024

Mpendwa Masenge,

Nisamehe kuchelewa. Ponsian amepita mara mbili na mara zote mbili nilikuwa sijamaliza kuandika.

Habari za nyumbani: mama amepata mbuzi wawili kwa mara moja, jike na dume. Baba ameuza tumbaku daraja la kati, hajafurahi wala hajalia. Joséline mdogo wangu ameingia kwaya ya watoto, anaimba sauti ya tatu na hakuna mwenye kuimba sauti ya tatu zaidi yake, kwa hiyo yuko peke yake kabisa.

Milango nimekuhesabia. Toka soko kuu hadi duka la Mama Zuleha, upande wetu tu. Mwezi wa sita katikati watu arobaini na mmoja. Mwezi wa nane mwisho, hamsini na wawili. Jana, arobaini na tisa. Niliangalia na daftari langu la zamani, lile la mazoezi ya Commerce Form Two ambapo mwalimu alitutuma tuhesabu: mwezi wa nane mwaka ule walikuwa sabini na nane. Maduka ni yale yale. Ni watu ndio wamepungua.

Dulla, yule mtu wa mwaka wa Mama Zuleha, anasema zamani mkulima alikuwa anakuja mjini kushika kitambaa kwa mkono. Siku hizi anatumiwa picha kwenye simu, anachagua, bodaboda anampelekea shambani. "Vidole vimestaafu," anasema.

Kwenye vitenge kuna msichana mmoja. Mpole. Anaongea kidogo sana. Nadhani hatakaa.

Mwanao,
Emelyne

*

Majimoto
3 Novemba 2024

Mwana wanje,

Tunashukuru Mungu. Mvua ya kwanza imenyesha ikakata, mama mkwe anasema ni ya kudanganya mbegu. Nimeuza kuku wote kasoro yule mwenye kilema, huyo tumezoeana.

Nimefikiria habari za yule msichana wa vitenge. Kama ni mpole hivyo atapata tabu mwezi wa kumi na mbili, mtu anatakiwa amwambie mambo. Mwambie wewe, kwa kuwa unapita pale.

Mwambie asivute kitambaa akipima. Mteja anaona, hasemi, na harudi. Alaze mita juu, aache kitambaa kipumue.

Mwambie mama wa Kisukuma akiuliza bei mara tatu si kwamba hakusikia. Anakupa nafasi tatu za kufikiri vizuri.

Akija mtu wa Litapunga au Katumba akaongea Kiswahili cha kubabaika, asimjibu Kirundi mbele za watu mpaka mwenyewe aanze. Wengine wamevaa vizuri siku hiyo makusudi.

Ale kabla ya saa nne, baada ya hapo hakuna kula. Avae viatu vya kufunga. Jioni aweke miguu kwenye maji ya chumvi, beseni liko chini ya kitanda changu, yaani, kama ana beseni.

Na sauti. Mwambie asijilazimishe kupiga kelele kama wa maduka mengine. Sauti ndogo inamfanya mteja asogee, na mteja aliyesogea ameshashika kitambaa.

Ni hayo. Umesema hatakaa. Mimi nilisema hivyo hivyo mwaka wa kwanza.

Capitoline

*

Makanyagio, Mpanda
26 Januari 2025

Masenge,

Krismasi hatukuandikiana. Baba na mama wazima, wamepanda mahindi. Salamu zimeishia hapo.

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa mbili nilizochana kwenye daftari langu la Commerce. Niliziandika mwezi wa sita na sikuzituma. Zisome kwanza, halafu urudi hapa.

Msichana wa vitenge ni mimi.

Nilipopata barua yako ya mwezi wa kumi na moja niliisoma dukani nimejificha nyuma ya majora, nikalia, Dulla akaniuliza nani kafa. Nilifanya yote uliyosema. Niliacha kuvuta kitambaa. Nilisubiri hadi swali la tatu. Tarehe ishirini na tatu Desemba duka lilijaa mpaka barazani. Akaja baba mmoja wa kwetu, kofia mkononi, anatafuta Kiswahili cha kusema "kitenge cha mama yangu, amefiwa, asionekane amefiwa." Nilimsogelea nikamsubiri aanze. Akaanza. Tukaongea Kirundi polepole, nikamshushia jora la bluu iliyoiva. Mama Zuleha alikuwa anatutazama. Jioni akasema, "Damu ya Capitoline haijifichi." Alitaka kunisifu. Miguu ilikuwa kwenye beseni lako usiku ule na sikuweza kuitoa mpaka maji yakapoa.

Baada ya Krismasi zikaja sare za shule, wiki mbili, halafu kimya. Jumatano iliyopita Mama Zuleha ametupumzisha, mimi na mwenzangu wa msimu. Unajua anavyofanya. Anakupa chai, anakuuliza habari za nyumbani mpaka unajua mwenyewe kazi imekwisha. Nilipotoka nimehesabu milango: kumi na saba. Mwezi wa pili watakuwa pungufu ya hapo.

Sitaki kusema sikujua. Usiku wa Alhamisi ile nilijua kikaratasi kinasomeka kotekote, na siku nzima ya Ijumaa nilijua. Nilitaka kunyooshewa kidole na mtu. Ningekuwa na ujasiri ningesimama pembeni yako, tulikuwa tunachukuliwa wawili. Lakini nilifikiri, akiwepo shangazi, nani ataniona mimi.

Nikiulizwa mbele ya padri siwezi kusema zaidi ya haya.

Emelyne

*

Majimoto
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Emelyne,

Barua yako ilifika tarehe thelathini Januari. Nisisingizie barabara, ingawa kweli ilikatika baada ya Kibaoni. Ilifika, nikaisoma, nikaiweka kwenye debe la mchele, kila nikipika naiona.

Kwamba ulikuwa kwenye vitenge nilijua tangu mwezi wa nane. Ponsian alikuja na kitenge cha mkewe, nikamwuliza nani kakupimia, akasema Emelyne. Sikukasirika. Nilifikiri nimechelewa mwenyewe, nafasi imebaki, na mtoto wetu ameokota kabla haijaokotwa na mwingine. Niliona unaona aibu kuniambia, nikakuandikia ya "yule msichana" ili usijione umesimama juu ya mgongo wangu. Nililala vizuri baada ya barua ile.

Lakini la ejo sikulijua.

Mama mkwe ananiambia nikwambie si kitu, ni mtoto. Sitakwambia si kitu. Ngoja nikueleze ulichukua nini, maana nadhani unafikiri ulichukua kazi.

Huku mimi ni mke wa marehemu. Nikiitwa naitwa kwa maji, kuni, chumvi iko wapi. Ni watu wema, hawanionei, lakini hakuna anayetamka jina langu tangu nimzike mume wangu. Kila mwaka tangu Juni hadi Januari kulikuwa na mlango mmoja Mpanda ambapo mtu anaingia anauliza, "Capitoline yupo?" Wengine walikuwa hawanunui. Wanataka kujua tu kama nipo. Miezi ya mvua niliipita kwa sababu ya hilo. Mwaka huu nimelima miezi kumi na miwili mfululizo, nimegundua mwaka ni mrefu.

Mwezi wa saba nilikuandikia kwamba nilimdanganya mama mkwe kuhusu zipu. Sikukuandikia kwamba siku ile ya Ijumaa, baada ya kulifungua begi, nilivaa nguo za mjini nikakaa nazo ndani mpaka jioni.

Sikutaka kukujibu kabisa. Halafu jana kwenye gulio nimepita meza ya mtu anaitwa Masunga, anauza vitenge na mabuti. Kijana wake alikuwa anavuta kitambaa. Nikamnyang'anya mita. Nimepima mpaka saa tisa bila kuombwa, Masunga akaniletea soda, sikuinywa, mikono ilikuwa imejaa. Nimerudi nyumbani naimba. Kwa hiyo leo naandika.

Sitaki uniombe msamaha kwa barua. Kwenye karatasi wewe ni hodari, unasema mpaka mtu anakuonea huruma. Nenda kwa Mama Zuleha umweleze kwa mdomo. Yote, na Ijumaa ile uitaje. Mpaka leo yeye anafikiri ni mimi niliyemdharau.

Ukishindwa usiniandikie.

Capitoline

*

Makanyagio, Mpanda
25 Mei 2025

Masenge,

Wote wazima. Nimeenda.

Nilienda mara nne. Mara ya kwanza nimenunua vifungo. Mara ya pili nimenunua uzi. Mara ya tatu Dulla kaniuliza kama nimefungua cherehani. Mara ya nne, juzi Ijumaa asubuhi, Mama Zuleha alikuwa kaunta na chai na maandazi, nikasimama mbele yake bila kununua kitu.

"Leo bubu kaja na hotuba," Dulla akasema.

"Dulla, kafagie nje."

"Nimeshafagia, mama."

"Kafagie tena."

Nikamweleza. Sauti ilitoka kidogo, akasogea, kama ulivyoandika. Nilimweleza maana ya ejo, hapo akacheka mwanzoni, akasema, "Nyie Warundi mtaniua, jana na kesho neno moja, sasa mnadaiana vipi?" Nikamwambia kuna zaidi ya ejo, kuna Ijumaa. Nikamweleza Ijumaa. Hakucheka tena. Alifunika maandazi na sahani.

"Mwaka mzima," akasema, "mwaka mzima nimemkasirikia mwenzangu. Watu wakiniuliza Capitoline yuko wapi nawaambia kapata bwana Majimoto, anajidai. Nimemsengenya kwenye harusi mbili."

Nikaitazama ile sahani.

"Na Jumamosi ile ulinijibu 'hajafika.' Kwa macho makavu."

"Ndiyo, mama."

"Una moyo mgumu kwa mtu mwenye sauti ya kuku mdogo."

Sikujua kama ni tusi. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka huu kusimama kumesogezwa hadi baada ya Idi, ni Jumamosi tarehe kumi na nne Juni, na anachukua mtu mmoja. Si wawili. Mauzo ya kwenye simu yamechukua nafasi ya yule mwingine, hela yake anamlipa bodaboda. "Na huyo mmoja nilishamwandika," akasema. "Nilikuandika wewe. Wateja wa Desemba bado wanakuulizia."

Masenge, sitaki unione bora kuliko nilivyo. Dulla alimaliza kufagia mara ya pili, mimi bado nimesimama pale pale. Nilifikiria Litapunga, jembe, baba akinitazama kila jioni bila kuuliza nitafanya nini na maisha. Nilifikiria kwamba wewe hujui kama ni mmoja au wawili, na kwamba naweza kukuandikia tu "nimemwambia," na ikawa kweli. Ilinijia kabisa. Ilikuwa rahisi kama mara ile.

Nikasema, "Mwandike shangazi."

"Sijasikia."

"Mwandike Capitoline."

Akachukua kalamu kwenye nywele zake, akakata jina moja akaandika jingine. Akasema nawe ufike mwenyewe ukutani hata kama uko peke yako, sheria ni sheria. Nami akanipa andazi kwenye gazeti, nikalila nikitembea.

Nimefua mashuka yako. Funguo iko kwa mama mwenye nyumba. Kesho narudi Litapunga na basi la asubuhi.

Emelyne

*

Makanyagio, Mpanda
29 Juni 2025

Mwana wanje Emelyne,

Umeamkaje huko. Baba yako alipita dukani Jumanne, amekonda lakini utani upo, ananiambia umelima mistari ya tumbaku iliyonyooka kama umepima na mita. Nimemtumia mama yako chumvi ya mawe na wewe nimekutumia malapa ya kijani. Mama mkwe nimemwachia yule kuku kilema, wanagombana vizuri.

Nilisimama tarehe kumi na nne. Wanawake walikuja ishirini na mmoja kwa nafasi moja. Zamani tulikuwa tunataniana ukutani, huyu anamsuka yule wakati tunangoja. Safari hii hakuna aliyeongea. Mama Zuleha alipita mstari hadi mwisho, kwa heshima yao nadhani, akarudi akasimama mbele yangu. Tulitazamana. Akasema, "Mimi nilikusengenya." Nikasema, "Nimesikia, harusi mbili." Akasema, "Tatu." Ndipo tukafungua duka.

Nipo peke yangu kwenye vitenge, na mashati, na sare zikifika. Meza ni ndefu kuliko nilivyoiacha. Mchana nakula nimekaa juu ya majora, hakuna wa kupokezana naye, nakula haraka. Wiki ya kwanza walikuja watu saba kuuliza kama nipo. Wengine walishazoea sauti yako, yule baba wa kitenge cha bluu alisimama mlangoni akanitazama, akasema atarudi. Nikamwambia ingia, ni familia moja. Aliingia, lakini alinunua leso tu.

Jioni natembea hadi sokoni. Milango nimehesabu: thelathini na nne. Na huu ndio msimu.

Hukuniomba msamaha kwenye barua yako ya mwisho, nimeona. Vizuri. Nami sitakuandikia kwamba nimekusamehe, maana kuna siku nimekusamehe na kuna siku nafungua kinywa kumweleza mteja bei nakumbuka zile nguo za mjini nilizovaa ndani bila safari, nanyamaza.

Mama Zuleha anasema Desemba mtu mmoja hatoshi, hata hizo simu zifanye nini, na wiki tatu za mwisho tutakuwa wawili. Alitaka kutaja jina. Nimemwambia huyo wa pili nitamchagua mimi, na yeye amekubali, amesema kila mwaka yeye ndiye ananidai, lakini safari hii mimi ndiye ninayemdai, kwa zile harusi.

Bado sijachagua. Lima kwanza.

Shangazi yako,
Capitoline